Maswali ya Wasomaji: Siasa za makabwela bado zinafika Ikulu?

Tangu Zohran Mamdani ashinde umeya wa New York Novemba 2025, barua nyingi zinazotufikia zinazunguka jambo moja: je, mgombea anayesimama na wavuja jasho dhidi ya vigogo bado anaweza kupata urais, au zama hizo zimepita? Tumechagua barua saba. Tunaposema siasa za makabwela tunamaanisha zile ambazo vyuoni huitwa populizimu ya kimaendeleo. Mgombea huigawa nchi mafungu mawili, walio wengi wanaohangaika na wachache walioshika mali, kisha huahidi kuhamisha mali na madaraka kupitia kodi, mishahara na huduma za jamii. Anayewagawa watu kwa kabila, dini au asili yao hatumhesabu humu, hata akitumia maneno yaleyale.

Wahariri, habari za kazi. Hapa kijiweni Sinza tunabishana. Mwenzetu mmoja anasema huyu Mamdani ndiye rais ajaye wa Marekani. Inawezekana? – Msomaji, Sinza

Yeye mwenyewe hapana, na sababu yake haihusiani na sera. Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, na Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. (Wakongwe wa Mlimani wanamfahamu baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970.)

Ila mnachobishania ni kikubwa kuliko mtu mmoja, kwa hiyo tazameni ahadi zake tatu na nani ameshika ufunguo wa kila moja. Ya kwanza ni kusimamisha kodi ya pango kwenye nyumba takribani milioni 1 ambazo kodi yake hupangwa na bodi ya jiji. Bodi hiyo ina watu 9 na wote huteuliwa na meya, maana yake ufunguo anao mwenyewe. Ya pili ni mabasi ya bure. Shirika la usafiri liko chini ya jimbo, na mwenye sauti kubwa pale ni gavana. Ya tatu ni kuwaongezea kodi matajiri, na hiyo haipiti bila bunge la jimbo kule Albany. Mgombea mmoja, ahadi tatu, na ni moja tu inayotegemea kalamu yake.

Kwa urais milango ni mingi zaidi. Wa kwanza ni kura za maoni ndani ya chama. Chama cha Democratic hugawa wajumbe wa kumteua mgombea wake kwa uwiano wa kura, lakini asiyefikisha asilimia 15 katika jimbo au wilaya ya uchaguzi haambulii mjumbe hata mmoja hapo. Seneta Bernie Sanders, mgombea wa makabwela, aliutegemea utaratibu huo mwaka 2020. Alishinda New Hampshire kwa chini ya asilimia 26 kwa sababu wagombea wa katikati waligawana kura zilizobaki. Mpango wake ulihitaji waendelee kugawana. Tarehe 29 Februari Joe Biden akapata karibu nusu ya kura za South Carolina, Sanders akaishia asilimia 20 hivi. Ndani ya siku mbili Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajitoa na kumuunga mkono Biden, na tarehe 3 Machi Biden akachukua majimbo 10 kati ya 14. Sanders alijitoa tarehe 8 Aprili.

Msiseme sera zilikataliwa. Katika majimbo mengi, wengi wa waliompigia Biden na waliompigia Sanders, wakihesabiwa pamoja, waliwaambia watafiti waliowahoji vituoni kwamba wanaunga mkono bima ya afya ya serikali kwa wote. Kilichomwangusha ni imani ya kwamba vijana wapya wangefurika vituoni kufidia wazee Weusi wa kusini, ambao hakuwa amewajengea uhusiano wa kutosha. Wazee wale hupiga kura kila uchaguzi. Kijana wa mkutano wa hadhara anaweza asiende.

Akivuka hapo anahitaji wajumbe 270 kati ya 538 wa majimbo ili awe rais, na kisha, kwa miswada mingi, maseneta 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe na kura ipigwe. Jibu letu ni kwamba njia ipo ila ni nyembamba. Atakayepita ni yule atakayekuwa amekaa na wazee wa makanisa ya kusini na vyama vya wafanyakazi miaka kadhaa kabla ya kuchukua fomu.

Je, historia ya Marekani ina yeyote aliyewahi kushinda urais kwa mtindo huu? – Mwanafunzi wa sayansi ya siasa, Mlimani

Aliyekaribia zaidi ni Franklin Roosevelt mwaka 1936, alipowashambulia wazi wenye mitaji mikubwa na kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Lakini angalia alichokuwa nacho mkononi: chama kikongwe, na sheria ya hifadhi ya jamii aliyoisaini mwaka mmoja kabla. Alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Waliokuja na chama kipya hawakufika. James Weaver wa People's Party alipata kura zaidi ya milioni 1 mwaka 1892 na wajumbe 22. Mwaka 1896 chama hicho kikamuunga mkono William Jennings Bryan wa Democratic, kijana wa miaka 36, akashindwa na William McKinley kwa wajumbe 176 dhidi ya 271.

Kushindwa kwa Bryan ndiko tunakotaka ukuchunguze kwa makini, kwa sababu kosa lake linarudiwa hadi leo. Ahadi yake kuu ilikuwa kuruhusu sarafu zisizo na kikomo zitengenezwe kwa madini ya fedha pamoja na dhahabu. Fedha ikiongezeka mtaani, bei hupanda. Mkulima wa Kansas mwenye deni la benki angeuza ngano kwa bei nzuri huku deni likibaki palepale, hivyo kwake ilikuwa nafuu. Mfanyakazi wa kiwandani mashariki, mwenye mshahara uleule kila wiki, angenunua mkate kwa bei ya juu. Wote wawili ni makabwela, lakini ahadi moja ilimnyanyua mmoja na kumkandamiza mwingine. Majimbo ya viwanda yakaenda kwa McKinley. Kabla ya kusema "wanyonge wote wako nasi", fanya hesabu ya ahadi hiyo kwenye mfuko wa kila kundi la wanyonge.

Kwa haki yao, madai mawili ya People's Party, kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda na maseneta kuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, yalipata njia kwenye katiba mwaka 1913. Chama chenyewe kilikuwa kimeshakufa.

Tupeni mfano mmoja wa nchi ambako rais wa aina hii alishinda NA maisha ya watu wa chini yakabadilika. Si hotuba, takwimu. – Machinga, Kariakoo

Mexico. Andrés Manuel López Obrador alishindwa mwaka 2006 kwa kura kama 244,000 tu, akashindwa tena 2012, akaanzisha chama cha Morena, akashinda 2018 kwa asilimia 53. Mwaka 2024, kwa kuwa katiba ya kwao hairuhusu rais kurudia, akasimama Claudia Sheinbaum, naye akapata karibu asilimia 60. Chama tawala kuongeza kura baada ya miaka sita madarakani ni nadra, kwa hiyo inafaa tufungue boneti tuone injini.

Kifaa kikubwa kilikuwa kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2018 kilikuwa peso 88.36 kwa siku. Mwaka 2019 kikawa 102.68, na kufikia 2024 kilikuwa 248.93. Ukiondoa kupanda kwa bei za vitu, nguvu ya mshahara huo iliongezeka takribani mara mbili.

Kwa nini waliotangulia hawakufanya hivyo? Kwa miaka mingi, faini za serikali, mikopo ya nyumba, hata ruzuku za vyama vya siasa, vyote vilihesabiwa kwa kima hichohicho. Ukipandisha mshahara, deni la nyumba la mfanyakazi huyohuyo linapanda nao. Mwaka 2016, chini ya serikali iliyotangulia, katiba ilirekebishwa, kikaundwa kipimo kingine kinachofuata kupanda kwa bei tu, na faini na mikopo vikahamishiwa huko. Hakuna aliyeandamana kushangilia marekebisho yale. Bila hayo, ahadi ya 2018 ingemrudia mfanyakazi mgongoni.

Kisha ikaja mbinu ya kugawa nyongeza vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kiasi maalumu cha peso, kinachowahusu wa kima cha chini peke yao. Cha pili ni asilimia. Waajiri na vyama vya wafanyakazi wanapojadili mishahara mingine huangalia ile asilimia tu, hivyo mshahara wa chini unaruka bila kuvuta ngazi yote na kuchochea bei. Halafu wakaanza na eneo la mpaka wa kaskazini: mwaka 2019 kima cha kule kiliongezwa mara mbili kwa mkupuo hadi peso 176.72, na waajiri wakapunguziwa kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 8. Ajira hazikuporomoka, nchi nzima ikaona.

Zingatia nani aliyelipa. Nyongeza ya mshahara ilitoka kwa mwajiri, hazina ya serikali haikuguswa sana. Fedha za hazina zikaenda kwenye pensheni ya wazee wote, iliyoingizwa kwenye katiba mwaka 2020 kwa wa miaka 68 na kuendelea, na umri ukashushwa baadaye hadi 65. Kufikia 2024 ilikuwa peso 6,000 kila miezi miwili, ikiingia kwenye kadi ya mzee bila kupitia mikononi mwa kiongozi wa mtaa. Takwimu rasmi zinaonyesha umaskini ulishuka kutoka asilimia 41.9 mwaka 2018 hadi 29.6 mwaka 2024, watu zaidi ya milioni 13.

Yapo yaliyoharibika, na ni makubwa. Walivunja mfuko wa bima ya afya wa watu wasio na ajira rasmi kabla mbadala wake haujasimama. Wasio na huduma ya afya wakaongezeka kutoka asilimia 16 hivi hadi 39 mwaka 2022. Nakisi ya bajeti ya 2024 ilikaribia asilimia 6 ya pato la taifa.

Na wewe wa Kariakoo ujue jambo moja. Kima cha chini humfikia mwenye mwajiri. Wewe huna. Mgombea wa hapa akikuletea ahadi ya Mexico bila kuibadilisha, hajakuahidi kitu. Swali lako kwake liwe ushuru, eneo la kudumu la biashara, na mkopo unaopatikana bila dhamana ya nyumba.

Mbona wakishaingia wanaharibu? Mimi ni wa bodaboda, nimesikia Bolivia watu walilala kwenye foleni ya mafuta. – Msomaji, Mbagala

Umesikia sawa, na Bolivia ndiyo inayotuuma zaidi, kwa sababu kwa miaka kumi ilikuwa ushahidi mzuri. Evo Morales aliingia 2006, tarehe 1 Mei mwaka huohuo akataifisha gesi, mapato yakaenda kwenye posho za wanafunzi na pensheni za wazee, umaskini ukashuka sana.

Kilichokatika ni hiki. Gesi iliyotaifishwa inahitaji visima vipya, na visima vipya vinahitaji mtaji. Fedha nyingi zilikwenda kwenye matumizi, utafutaji ukalegea, na baada ya 2014 uzalishaji ukaanza kushuka. Gesi ikipungua, dola zinapungua. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeifunga bei ya dola kwenye bolíviano 6.96 tangu 2011, na ilikuwa ikinunua dizeli nje kwa bei ya dunia na kuiuza ndani kwa bei ya ruzuku. Fikiria mtu anayenunua petroli lita moja kwa bei ya kituo na kuwauzia abiria wake kwa nusu, kila siku, kwa kutumia akiba ya benki. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa kama dola bilioni 15 mwaka 2014. Ilipofika 2023 ilikuwa chini ya bilioni 2. Hapo ndipo foleni zilipoanza.

Kuipandisha bei ya mafuta ndio ungekuwa uamuzi wa busara, ila ni uamuzi ambao rais wa makabwela anauogopa kuliko wote, kwa sababu wanaoumia siku ya kwanza ni wapiga kura wake. Wakachelewa. Juu ya hayo Morales na rais aliyemrithi kupitia chama hichohicho, Luis Arce, wakagombania chama. Chama cha MAS kilichopata asilimia 55 mwaka 2020 kilipata kama 3 katika uchaguzi wa Agosti 2025. Asilimia tatu!

Senegal ni tofauti. Bassirou Diomaye Faye alitoka gerezani siku kumi kabla ya uchaguzi wa Machi 2024, akashinda duru ya kwanza kwa asilimia 54, na Novemba chama chake kikapata viti 130 kati ya 165. Kura alikuwa nazo, bunge alikuwa nalo. Kisha wakaguzi wakathibitisha kwamba deni la taifa la mwisho wa 2023 lilikuwa karibu asilimia 100 ya pato la taifa, wakati kitabu kilionyesha kama 74. Shirika la Fedha la Kimataifa likasitisha mkopo wake. Yaani alikabidhiwa ghala, kufungua akakuta magunia hayana kitu. Ndiyo maana tunashauri chama chochote cha aina hii kiwe na wahasibu wake wanaosoma bajeti na ripoti za ukaguzi kwa miaka kabla ya kushinda, ili ahadi zipangwe kwa ghala lilivyo.

Mtu akijaza nyomi viwanja vyote, kwa nini kura zinakuja ndogo? – Msomaji, Tabata

Wenye umri wanamkumbuka Augustine Mrema 1995, watu wakisukuma gari lake barabarani. Alipata asilimia 27.8, Benjamin Mkapa 61.8. Nyomi ni ya mahali ulipo siku hiyo. Kura zinahesabiwa pia mahali usipofika, na pale unahitaji wakala anayekaa hadi fomu isainiwe, mwenye nauli, chakula na mbadala wake akiugua.

Lakini kanuni ya ushindi nayo ina uzito. Michael Sata wa Zambia alipata asilimia 3 mwaka 2001, 29 mwaka 2006, 38 mwaka 2008, akashinda 2011 kwa 42, akipiga kampeni ya kodi ndogo na fedha mfukoni. Wakati ule Zambia ilimpa ushindi aliyeongoza tu. Kwa kanuni ya zaidi ya nusu iliyokuja baadaye, angelazimika kurudi uwanjani. Ufaransa ina duru mbili: mwaka 2022 Jean-Luc Mélenchon alikosa duru ya pili kwa kura kama 420,000, huku mgombea wa Kikomunisti peke yake akiwa amechukua kura kama 800,000. Kenya inataka zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Bara na Visiwani, katiba ya Muungano humpa urais aliyeongoza kwa wingi wa kura, hivyo upinzani ukigawanyika haupewi nafasi ya pili ya kuungana.

Sri Lanka iko peke yake: Anura Kumara Dissanayake alitoka asilimia 3 mwaka 2019 hadi 42 mwaka 2024, akathibitishwa kwa kuhesabu chaguo la pili la wapiga kura. Katikati ya chaguzi hizo nchi ilishindwa kulipa madeni yake, vyama vikubwa vyote vikapoteza heshima. Huwezi kupanga janga la namna hiyo kwenye ratiba ya kampeni.

Hayati Magufuli alikuwa mmoja wa hawa? – Msomaji, Kimara

Kwa lugha na baadhi ya sera, ndiyo: wanyonge, elimu bila ada kuanzia Januari 2016, sheria za madini za 2017, na makubaliano na Barrick yaliyoipa serikali asilimia 16 ya Twiga Minerals. Kwa muundo, hapana. Alitoka ndani ya chama tawala, na mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Siasa za makabwela tunazozieleza hapa zinahitaji makabwela wenyewe wajipange na waweze kumbana kiongozi wao.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mstaafu. Mgombea akija na ahadi ya pensheni kwa kila mzee, nitajuaje kama inatekelezeka? – Mstaafu, Kigamboni

Marahaba mzee wetu, ingawa kwa umri wako sisi ndio wa kukuamkia. Chukua karatasi. Tuseme ameahidi shilingi 50,000 kwa mwezi kwa wazee milioni 3. Zidisha: bilioni 150 kwa mwezi, trilioni 1.8 kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya 2025/26 ni trilioni 56.49, kwa hiyo ni kama shilingi 3 katika kila 100. Si ndoto, ila ni lazima zitoke mahali. Muulize ni kodi gani itapanda au fungu gani litapungua. Akijibu "tutaziba mianya" bila kutaja mwanya, andika sifuri pembeni ya jina lake.

Pili, muulize orodha ya wazee itatoka wapi. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho cha taifa ndiye mhitaji zaidi na ndiye wa kwanza kuachwa. Majina ya marehemu nayo hubaki yakilipwa kama hakuna anayeyafuta kila mwezi. Tatu, malipo yatapita wapi: simu, benki au ofisi ya mtaa? Kila mkono unaoongezeka katikati hupunguza kinachofika. Nne, itakuwa sheria au waraka? Waraka hufutwa kwa waraka mwingine.

Mwisho angalia kama kiasi kimefungwa na bei za vitu. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Katikati hapo, unga na mafuta ya kula vilipanda huku 20,000 ikibaki 20,000. Mwambie mgombea aandike kwenye ilani yake ni tarehe gani kila mwaka kiasi kitapitiwa upya, na nani atakayekipitia.